Nilisema Nimemwona Mkwe Wangu Akicheza

Nilisikia njuga kabla ya kuona kitu chochote. Chwa, chwa, chwa! Zilitoka mlangoni mwa kanisa, nyuma ya mgongo wangu, zikaja taratibu katikati ya mikeka. Mimi nilikuwa nimeuelekea msalaba, kitabu cha sala mkononi. Sikugeuka. Sikuona kitu.

Lakini baadaye niliulizwa, nikajibu kwamba niliona. Neno moja tu! Kwa neno hilo mwanamke asiye na kosa alizikwa bila sala, nami nikapoteza nyumba yangu. Nimekosa. Sitafuti wa kunitetea.

Jina langu naomba nisilitaje. Jina la mwanamke huyo silitaji kwa sababu nyingine: alikuwa mama mzazi wa mke wangu, na kwetu mtu hamwiti mkwe wake kwa jina. Heshima kubwa kuliko hiyo nimekwisha kuivunja. Hii ndogo niachieni niishike.

Mimi ni mtu wa Ruangwa. Nilioa Marambo, upande wa Nachingwea, miaka ile Wazungu wa mashamba ya karanga walipokuwa waking'oa pori kwa matingatinga, nchi ikitetemeka mchana kutwa kama mgonjwa wa homa. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Basi nilijenga uani kwa wakwe, nikalima shamba la wakwe, na Jumapili nikawa mwalimu wa dini katika kanisa dogo la udongo. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini.

Wewe usiye wa kwetu, jua jambo moja upate kunielewa. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Nikikutana naye njiani nilikuwa naingia majanini, nainama mpaka apite. Ukiniuliza leo alikuwa na uso wa namna gani, siwezi kukueleza sawasawa. Nilimjua kwa sauti. Nilimjua kwa visigino vyake vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, maana macho yangu yaliishia hapo.

Na jinsi alivyokuwa mcheshi! Hakusema nami; alisema na kuku.

"Ewe jogoo," aliita asubuhi, nami nipo ndani, kiambaza kikitutenga. "Mwenye nyumba hii jua linamchoma kisogo naye bado amelala. Au mtama wa mwaka huu utajipalilia wenyewe?"

Nami nilimjibu jogoo huyohuyo: "Mwambie Mama, mwalimu alikuwa anasali."

"Ahaa! Basi jogoo, mwambie amwombe Mungu aje ashike na jembe."

Ua mzima ulicheka. Nilicheka nami, lakini moyoni nilikuwa na donge. Mwanamume niliyesoma, naamrishwa kwa kupitia jogoo! Usiku nilijiambia: ipo siku watajua mimi ni nani. Ndugu yangu, donge dogo kama lile usilifuge. Linakula likiwa kimya.

Watoto wetu wa kwanza hawakukaa. Mke wangu Monika alizaa, tukafukia. Akazaa tena, tukafukia tena. Mkwe wangu alikuwa amebatizwa uzeeni, naye alipenda mafundisho kuliko chakula. Kwa kuwa hakuweza kuketi mbele yangu, alikaa nje chini ya upenu, mgongo ameegemeza ukutani, akasikiliza sauti yangu ikitoka dirishani. Siku niliyofundisha habari ya yule mfalme aliyecheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Mungu, nilimsikia akiwaambia kuku wa jirani:

"Mmesikia? Mfalme mzima! Basi na mimi, mwanangu akipata mtoto wa kukaa, nitacheza mpaka vumbi la kanisa lipande mbinguni."

Wanafunzi walicheka. Nilidhani ni mzaha wake wa kila siku.

Kisha Barnaba akazaliwa. Akanyonya, akanenepa, akaanza kucheka na kila mtu. Mtama ukakomaa, tukafika Jumapili ya mavuno.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, karani wa kambi ya karanga, mwenye suruali iliyopigwa pasi na miwani. Ndiye aliyekuwa akimleta Padre kwa gari kutoka Ruangwa alipokuwa akikaa. Nilijua Padre anatafuta mwalimu wa kumpeleka kusomea ushemasi. Nilijua pia kwamba karani akiona kitu, Padre atakisikia. Nilitaka siku ile kanisa langu liwe limenyooka kama suruali yake.

Watu walileta sadaka zao: mihogo, mbaazi, ufuta, kuku mmoja aliyepiga kelele kuliko waimbaji. Nilidhani wamekwisha. Nikageukia msalaba ili nianze sala.

Hapo ndipo nikasikia njuga.

Chwa, chwa, chwa! Na chini ya njuga, miguu. Ukimtazama mtu miguu peke yake miaka yote, utaijua hata ukiwa umempa kisogo. Nikatambua: ni Mkwe! Wanawake wakapiga vigelegele, mtu mmoja akapiga makofi ya kufuatisha, wote wakafuata. Njuga zikaja, zikarudi, zikaja tena, kama mawimbi ya mtama unapoguswa na upepo. Zilipokaribia mimbari nilifumba macho. Ningefanyaje? Mama mkwe anacheza mbele yangu!

Nilisikia pumzi zake. Nilisikia kitu kikiwekwa chini polepole. Kisha kanisa likanyamaza, na katika kimya kile mzee mmoja akalia kwa sauti.

Nilipofumbua macho hakuwapo. Mbele yangu palikuwa na ungo wa mtama mweupe, na katikati ya mtama palikuwa na shimo, laini, kama kiota kilichoachwa na ndege. Sikulielewa shimo lile. Sikujisumbua kuuliza.

Baada ya ibada karani alinijia akifuta miwani yake. "Mwalimu," akasema, akicheka, "kumbe siku hizi unyago mnachezea kanisani?"

Unyago ni mafunzo ya wasichana wetu wanapokua, nazo ngoma zake huchezwa kwa njuga. Padre alikuwa amezikataza kwa Wakristo. Karani hakuwa mtu wa huku. Kwake njuga zote zilikuwa njuga tu. Lakini mimi? Mimi nilizaliwa humu! Ningemjibu, "Hapana, bwana, hujui unalosema." Badala yake uso uliniwaka kwa aibu, nikainamisha kichwa.

Nyumbani nilimkuta Monika akimnyonyesha mtoto, uso wake uking'aa kama uliopakwa mafuta.

"Baba Barnaba," akasema, "umeona alivyofanya Mama?"

"Mama yako ameniaibisha," nikamjibu. "Ameleta unyago ndani ya nyumba ya Mungu."

"Unyago?" Alinitazama kama aliyesikia mtu akiongea katika ndoto. "Unyago gani? Hebu nikwambie…"

"Nyamaza! Sitaki kusikia."

Akanyamaza. Laiti angeninyima chakula, laiti angenirushia mwiko, lakini aseme! Mimi ndiye niliyemfunga kinywa.

Padre alikuja siku chache baadaye. Alikuwa mtu mwema, mwenye nywele za mvi na Kiswahili cha polepole, ambaye neno la Kimwera, lugha yetu, hakulijua. Akakutana nasi, mimi na wazee wa kanisa. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, ndugu yangu, kwa maana kusema nilijaliwa.

"Hili ni jambo zito, Mwalimu," akasema. "Je, wewe mwenyewe ulimwona kwa macho yako akicheza ngoma hiyo?"

Kila mzee aliyeketi pale alijua jibu. Hakuna mkwe wa kwetu anayeweza kumtazama mama mkwe wake akicheza. Hakuna! Padre peke yake ndiye asiyejua.

"Ndiyo, Padre," nikasema. "Niliona."

Wazee wakatazama chini.

Mkwe wangu akatengwa na Meza ya Bwana, asipewe mkate wala divai, mpaka atubu mbele ya watu wote kwamba alicheza ngoma ya unyago kanisani. Tulipotoka nje, Mzee Rafaeli, mzee wa kanisa na mtani wangu, alinishika bega.

"Mtani," akasema, "macho hayo umeyaazima kwa nani? Ukimaliza kuyatumia niazime na mimi, nami nimwone mkwe wangu kabla sijafa."

Alitabasamu, lakini si kwa utani. Nikamsukuma mkono.

Jioni ile nilisikia visigino vikija hadi nyuma ya kiambaza. Vikasimama. "Jogoo," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "mwambie mwalimu hivi. Mungu alinipa, nikamshukuru. Nikisimama kuitubu shukrani yangu, nitakuwa nimemwambia achukue alichonipa. Na mtoto yule siwezi kumrudisha."

Tangu siku hiyo hakusema na kuku tena. Ua ukawa kimya. Nilikuwa nikiyachukia maneno yale ya asubuhi. Sasa niliamka nikayasubiri, yasije.

Kila Jumapili alikuja. Hakuingia. Aliketi chini ya upenu, palepale alipojifunzia dini, na mkeka uliotundikwa mlangoni ulipopeperushwa na upepo niliona visigino vyake. Tulipoimba, vilitikisika kidogo, vikajizuia. Nami niliendelea kusoma sala! Nilisoma kwa sauti nzuri!

Mvua zikaanza. Mkwe akashikwa na kifua. Kwanza alikohoa shambani, kisha alikohoa kitandani, kisha hata kukohoa akakosa nguvu. Monika alikuja mlangoni akiwa amelowa, mtoto mgongoni.

"Mama anaiomba Meza," akasema. "Hataki dawa, hataki uji, anaiomba hiyo tu. Nenda Ruangwa kwa Padre. Nenda ukamwambie ulichokiona. Kama hukuona, mwambie hukuona."

Alijua! Alikuwa akijua siku zote, akisubiri niseme mwenyewe.

Nilikwenda. Barabara ilikuwa matope matupu; gari lisingepita, nikatembea kwa miguu, viatu nimevishika mkononi. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno: Padre, sikuona, nilisikia tu. Padre, sikuona, nilisikia tu. Niliyarudia mpaka yakawa kama wimbo wa wapagazi. Nilipofika nilikuwa nayo mdomoni tayari.

Padre alinipokea kwa furaha. Akanipa kikombe cha chai, akanivutia kiti chake mwenyewe.

"Umekuja kama uliyeitwa," akasema. "Nilitaka kukutumia habari. Wewe ndiwe tuliyekuchagua kwenda kusomea ushemasi. Mtu anayeweza kumshuhudia hata mkwe wake mwenyewe kwa ajili ya kweli, huyo ndiye tunayemhitaji."

Kikombe kilikuwa cha moto. Nilikishika kwa mikono miwili.

"Je, Mwalimu, ulikuwa na jambo?"

Ee Mungu wangu! Mlango ulifunguliwa wazi mbele yangu, nami ilinipasa kupita tu.

"Hapana, Padre," nikasema. "Nilikuja kukusalimu."

Nililala Ruangwa kwa dada yangu, asubuhi nikarudi. Kabla sijaiona nyumba nilisikia kilio. Nilisimama kwenye mihogo nikiwa nimelowa mpaka mifupani, nikajua kwamba nimechelewa, na kwamba hata ningewahi nilikuwa sikubeba chochote.

Aliyetengwa na Meza hazikwi kwenye makaburi ya kanisa. Hapigiwi kengele, wala mwalimu hamsomei sala. Sheria hiyo niliijua kwa moyo, mimi ndiye niliyeifundisha. Basi majirani zetu Waislamu wakaja na majembe yao bila kuitwa, Mzee Selemani mbele yao.

"Mnamzika wapi?" akauliza.

Wakristo tukatazamana.

"Basi azikwe kwenye mtama wake," Mzee Selemani akasema. "Huyu ametulilia misiba yetu miaka yote. Hatumwachi juu ya ardhi tukingoja ninyi mmalize kutazamana."

Wakachimba wao. Wakamwombea dua wao. Mimi, mwalimu wa dini, nilisimama mbali mvuani na kitabu changu cha sala kikiwa kimefungwa. Kile kipande cha reli kilining'inia mtini, maji yakichuruzika, na hakuna mkono uliokigusa.

Nilikaa pale watu walipoondoka. Mzee Rafaeli akabaki.

"Mtani," nikamwambia, "niambie. Siku ile alicheza nini?"

Akanigeukia. "Hukuuliza mpaka leo?"

"Sikuuliza."

"Alimchukua mtoto wako," akasema, "akamlaza katikati ya ungo wa mtama. Akauinua ungo juu ya kichwa kwa mikono miwili, akaupeleka mbele ya Mungu kama watu wanavyopeleka mavuno ya kwanza kwa mkubwa wao. Njuga alizifunga kwa sababu kwetu mavuno ya kwanza hayapelekwi kimya. Alipita mbele yako, akapiga magoti, akautua miguuni pako, na mtoto alikuwa anacheka bila sauti; kisha akamchukua, akatoka naye. Ndipo nikalia mimi mzee mzima. Unyago! Unyago wa nini, mtani, kwa mtoto wa kiume anayenyonya?"

Lile shimo katika mtama! Mwanangu alikuwa amelala mle, karibu na vidole vya miguu yangu, akicheka, nami nimefumba macho.

"Mbona hukumwambia Padre?" nikapiga kelele. "Mlikuwapo nyote!"

"Ningemwambia nini? Kwamba mwalimu hawezi kumtazama mkwe wake? Angeuliza kwa nini. Ningesema ni heshima, angesema ni upagani, na hiyo nayo ingekatazwa. Tuliona aibu, kila mtu kwa sababu yake." Akafuta maji usoni. "Tena nilidhani utarudi mwenyewe. Nilikuamini kuliko ulivyostahili."

Nikarudi Ruangwa, kwa njia ileile, matope yaleyale. Safari hii nilisema. Padre alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani yake, akaonekana mzee sana.

"Nami nilipaswa kuwauliza wanawake," akasema. Kisha akasema, "Marehemu siwezi kumpelekea Meza." Hakuniuliza tena habari za ushemasi, wala sikungoja aniulize. Kitabu cha sala nilimwekea mezani.

Mtanicheka nikisema kwamba niliporudi Marambo nilikuwa na nafuu. Nilijidanganya kwamba aliyekwisha kuungama amekwisha kulipa. Sivyo! Kuungama ni kufungua kinywa tu. Aliyekufa hafufuki ukifungua kinywa.

Wenzangu mnaosimama mbele ya watu na kitabu mkononi, nawasihi. Mtu akicheza mbele za Mungu, geuka umtazame. Kama desturi hairuhusu utazame, basi nyamaza, au waulize waliotazama. Usiihukumu furaha ya mtu kwa kishindo chake. Kuna mtu anayeimba, kuna mtu anayelia, na kuna mtu ambaye Mungu alimpa miguu tu ya kumshukuru, hana kitu kingine. Ukimzuia huyo, umemfunga kinywa. Na wewe kijana mwenye donge na wakwe zako, lisemee kwa jogoo likaishe, usilipeleke kwa Padre ukaliita kweli.

Sasa nakaa Ruangwa kwa dada yangu. Nalima. Kanisani naketi nyuma kabisa, na wanawake wanapoleta mavuno nageuka, natazama, natazama mpaka macho yanauma. Hakuna anayecheza. Habari ya mkwe wangu ilienea, na tangu hapo wanatembea polepole, kimya, kama watu wanaobeba maji. Hilo nalo ni langu.

Siku niliyoondoka Marambo, matanga yalikuwa yamekwisha. Mjomba wa Monika, ndiye mkubwa wa ukoo wao, alikuwa ameketi uani, hakuitikia salamu yangu. Sanduku langu lilikuwa tayari nje, na mkeka wangu umekunjwa juu yake.

Monika alisimama mlangoni. Mlango huo niliutengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya kambi ya karanga, mwaka tuliooana.

"Ulimwona?" akaniuliza. Aliniuliza mbele ya wote, kwa utulivu, kana kwamba hajui.

"Sikumwona," nikasema.

"Basi nenda, Mwalimu."

Hakuniita Baba Barnaba.

Niliinua sanduku. Nilipofika kwenye mihogo nikasikia, nyuma yangu, njuga. Chwa. Kimya. Chwa, chwa. Zilikuwa nyepesi, hazina mwendo, za miguu inayojifunza kusimama. Alikuwa amemfunga mtoto njuga za bibi yake.

Safari hii niligeuka. Niliona ua, niliona jogoo, niliona mkono wa Monika ukiuvuta mlango, na mlango ukafungwa.